Mvinyo wa Kuta za Mawe

Fereej Bin Mahmoud, Doha
6 Aprili 2025

Kwa Baba,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Goti lako limepoa? Kifua je? Mimi sina ugonjwa. Naamka, nafanya kazi, nalala. Nikiulizwa hali nasema salama, na sidhani kama ni uongo.

Naandika kwa sababu simu hushiki tena tangu tumzike Job. Nasema tumzike, na mimi nilimtazama kaka yangu akizikwa kwenye simu, nimekaa kitandani hapa. Valerie wa zahanati amekubali kukuchapishia barua zangu, na zako kuzipiga picha anitumie. Ameniambia pia kwamba tangu msiba, karibu mwaka sasa, hujashuka shambani, na ule ukuta uliomwangukia Job bado umelala vilevile. Baba, utaujenga lini? Mvua mbili zaidi na shamba lote litakuwa mtoni.

Kuna jambo nilikuficha, nawe ni mzee wa kanisa. Hotelini kazi yangu si kumimina juisi. Namimina mvinyo. Ramadhani ilipoisha wakafungua tena baa, wakaleta mvinyo mwekundu mpya kutoka milima ya Alpi, huko Italia, na mimi ndiye ninayewaeleza wageni habari zake. Naonja, natema. Sisikii ladha yoyote. Nasema nilichokariri: cheri, moshi, jiwe lililonyeshewa. Wanatikisa vichwa kukubali.

Nakutumia picha iliyo kwenye chupa. Tazama mizabibu ilivyopandwa ngazi kwa ngazi, na zile kuta zinazoishikilia. Si ni kwetu kabisa?

Binti yako,
Kerubo


Nyamache
27 Aprili 2025

Binti yangu Kerubo,

Barua nimeipata, Mungu ashukuriwe. Goti ni lilelile. Mvua imeanza na ng'ombe amezaa.

Kuhusu mvinyo, nilijua. Hakuna mtu anayepandishwa cheo mara mbili kwa kumimina juisi. Kanisani hawajaniuliza, nami sijajipeleka kuwaambia. Wewe endelea kutema.

Picha nimeitazama kwa miwani ya Valerie. Aliyejenga hapo ni fundi. Kuta zimeegemea mlima, mawe makubwa yako chini, na hakuna jiwe linalocheza. Lakini angalia upande wa kulia, ukuta wa tatu kutoka juu: rangi ya mawe imebadilika. Hapo paliwahi kuanguka. Ukimpata mwenyewe, muulize palianguka kwa nini, na kama palimwangukia mtu.

Kuhusu ukuta wetu, usiniulize tena.

Baba yako


Doha
18 Mei 2025

Kwa Baba,

Habari za huko? Ndama anaendeleaje? Mimi niko vilevile.

Mwenyewe alikuja. Ni mzee anayeitwa Ermanno, amevaa suti inayombana, na vidole vyake vimepasuka kama vyako. Aliletwa hotelini aonjeshe wageni mvinyo wake. Kwao ni mteremko mkali hata mashine haipandi. Zabibu wanazibeba mgongoni kwa vikapu, na kwa mwaka hapati zaidi ya chupa elfu tatu.

Nilimuuliza swali lako. Alishtuka. "Nani ameona hilo?" Nikamwambia ni baba yangu. Akaweka glasi chini. Ukuta huo ulianguka ukamvunja mkewe mguu. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa ameutengeneza kwa simiti. Akaniambia ukuta wa mlima haujengwi kwa simiti hata siku moja, kwa sababu maji yanayotoka juu lazima yapite katikati ya mawe. Ukiziba, maji yanajaa nyuma na kusukuma ukuta mzima kwa mara moja. Alisema kama jambo ambalo kila mtu analijua. Mimi nikaendelea kumimina.

Baba, ile mifuko sita ya simiti niliyowatumia Krismasi ya mwaka juzi, kabla Job hajafa. Mlijengea ukuta upi?

Binti yako,
Kerubo


Doha
29 Juni 2025

Kwa Baba,

Natumaini u mzima. Valerie anasema unakula vizuri, kwa hiyo najua umeamua tu kutojibu.

Nimeutafuta ujumbe niliomtumia Job Desemba ile. Upo. Nilimwandikia: "Mwambie Baba aache mambo ya kizamani, jengeni kwa simiti kama watu." Nikaweka na alama ya kicheko.

Sijalia. Nangoja, hakuna kinachokuja. Niambie tu ni ukuta upi.

Kerubo, bintiyo


Nyamache
14 Septemba 2025

Binti yangu,

Salamu. Nimekawia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa uongo, nikakichoma.

Ni ukuta huo.

Sasa nisikilize. Kuta hizi nimezijenga miaka arobaini. Babu yako alinifundisha habari ya maji kabla sijaota ndevu. Hata Job aliniuliza tukichanganya, "Baba, na maji yatapitia wapi?" Nikamwambia anyamaze, achanganye. Nilitaka watu wakipita barabarani waulize, nami niseme hiyo ni simiti ya Kerubo. Wewe hukuwepo, nikataka kitu chako kisimame hapa.

Wewe hukujua. Mimi nilijua. Nimekaa na jambo hili mwaka na zaidi nikakuacha gizani, kwa aibu. Nisamehe ukiweza.

Tangu Agosti nashuka kila asubuhi isipokuwa Sabato. Nabandua simiti kwenye mawe, moja moja, kwa nyundo ya Job, kisha nayapanga upya makavu. Ukuta umenifika kifuani. Mawe ya safu ya juu nimeyapanga kando na sijayagusa. Safu hiyo siwezi kuimaliza peke yangu, na sisemi habari ya uzito.

Baba yako


Doha
3 Oktoba 2025

Kwa Baba,

Salamu, na pole kwa kazi.

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kisha nikaingia zamu. Meza ya sita wakaagiza ule mwekundu. Nikaanza: cheri, moshi. Nilipofika kwenye jiwe nikakwama. Mama mmoja akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia kaka yangu amekufa. Sikuwa nimewahi kulisema kwa mdomo wangu. Nililia palepale nimekumbatia chupa, mpaka meneja akaja kuitoa mikononi mwangu.

Nimekukasirikia, Baba. Nimejikasirikia na mimi. Sijui nianze kumsamehe nani.

Likizo yangu ni tarehe ishirini Desemba. Mvua za Novemba zikija, funika ukuta kwa turubai. Safu ya juu usiiguse.

Safari hii sileti kitu. Nakuja na mikono tu.

Binti yako, dada yake Job,
Kerubo