Litungu Lako Nimelishika

Baba Wandera,

Hii naandika kwa mkono wangu. Tangu tukuzike nimeingia gumbaru, darasa la watu wazima, kwa hiyo usidhani nimeandikiwa na mtu.

Nina neno na wewe. Mjukuu wako, mtoto wa Wandera, tangu azaliwe ni kilio. Treni ya Malaba ikipiga honi, anakakamaa kama ukuni. Kitambaa kipya kikimgusa, analia. Kijiko kikifika mdomoni, anatapika. Ana miezi minane na mbavu zake unaziona zote. Mama yake, Nekesa, amekonda pamoja naye.

Ndugu yako Ouma akaja na wazee. Wakasema ni wewe, unalilia mtoto apewe jina lako. Nikakubali, mjinga mimi! Wakamwita jina lako kwa ngoma na makofi, nyumba nzima inatetemeka. Mtoto akalia mpaka midomo ikabadilika rangi. Ouma akasema, "Basi si yeye, ni babu yetu." Wakaita la babu. Wakaita na la shangazi yenu yule mchoyo. Nikawauliza, "Nyinyi mkiitwa kwa fujo hivi, mtanyamaza?" Akanijibu, "Mama Wandera, mambo ya ukoo huyajui." Nikashika ufagio, wakatoka wote.

Nikabaki na hasira. Nikashusha ukutani litungu lako, kile kinubi chako cha nyuzi, nilipanguse vumbi, kidole kikagonga ule uzi mnene. Mlio ule... nikageuka nikutafute. Hukuwepo. Lakini mtoto alikuwa amenyamaza, ananitazama.

Najua, mwanamke hashiki litungu. Uliniambia mwenyewe, siku niliyolisogeza tu nifagie. Sasa nimelishika. Tena nalipiga vibaya, na sitaki kufundishwa.

Napiga uzi ule mmoja, polepole. Nikigusa mwingine analia, naacha. Mwanzo nilikaa mlangoni, kila siku nikasogea kidogo. Baadaye tukamwegemeza mgongo kwenye ngozi ya litungu, mlio umwingie mwilini. Nikipiga, Nekesa anampaka mafuta. Nikiacha, Nekesa anaondoa mkono. Tukafanya hivyo hivyo na uji wa mtama: napiga, anaonjeshwa. Aliutema siku nyingi, sitakudanganya. Jumanne akameza vijiko vitatu. Nekesa akakaa chini akacheka kama mwendawazimu. Mimi nililia, lakini usimwambie mtu.

Hajapona. Treni bado inamtesa. Ila anakula.

Sasa Ouma ametuma neno kwamba Jumamosi wanakuja kumchukua, wampeleke Marachi kwa mtu mwenye ngoma kubwa zaidi. Na litungu nalo anataka, eti ni la wanaume. Wandera yuko safarini na lori lake. Nekesa anaogopa wakwe. Mimi siogopi. Huyo Ouma nilimpangusa kamasi nilipoolewa kwenu.

Kama kweli ni wewe unayelilia jina, nakuambia kama mkeo: nyamaza. Mtoto ashibe kwanza. Na kama si wewe, basi nimekugombeza bure, lakini yapo mengine ambayo sikukugombeza ulipokuwa hai, kwa hiyo chukua tu.

Pumzika, mume wangu. Nyumba hii haina sauti yako na sijazoea. Lakini Jumamosi nitaweka kigoda changu katikati ya mlango, na mtoto wa mtoto wako hatoki. Wakitaka kupiga ngoma, wanipige mimi kwanza.

Ni mimi mkeo,
Mama Wandera