Somo Yake Mama

Dada Zainabu,

Shikamoo. Uitikie hata kama umenuna. Goti lako linaendeleaje, na mwanao mdogo kikohozi kimemwachia? Shemeji ameshapalilia mikorosho au bado anangoja vibarua? Mimi mzima. Nakula, naoga, nafungua kibanda asubuhi, nakifunga jioni. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya hali yangu, maana moyo umekufa ganzi.

Nimeandika kwa sababu hupokei simu. Sikulaumu. Ulinipigia kuniambia mama hatunaye, ukasikia watu wanacheka nyuma yangu, ukakata. Ningekuwa wewe nami nisingepokea mpaka leo. Nakuomba tu usome hadi chini, kisha uamue kama mimi bado ni mdogo wako.

Kazi yangu ya kibanda cha gemu hapa Kariakoo unaijua, ila sijawahi kukueleza ujinga wetu. Mashine zenyewe ziko za aina mbili kubwa. Za kwangu zikiwaka zinatoa taa ya buluu. Za Mbaraka, mwenye kibanda kinachotazamana na changu, zinatoa taa ya kijani. Basi na wateja wamegawanyika hivyo hivyo, Buluu na Kijani, na mtu mzima mwenye mke na watoto anaweza kununa siku nzima kwa ajili ya mashine ambayo hata si yake. Kijani wanasema feni za mashine zetu zinanguruma kama mashine ya kukoboa mahindi. Sisi tunawaambia kwao mtu analipia saa nzima kungoja gemu lifunguke. Tunaitana watani. Mashine ya upande mmoja ikiharibika, upande wa pili wanakuja na mkeka, birika la kahawa na kanga kuukuu, wanakaa matanga. Wanasema poleni, na wenye mashine lazima waitikie tumeshapoa. Usipoitikia umeshindwa utani.

Ile mashine yangu ya kwanza, niliyoinunua kwa pesa ya korosho za mama, watu wote pale wanaiita Mama. Mama yetu mwenyewe alijua na alipenda. Kila Ijumaa akipiga simu alikuwa anakohoa kwanza, halafu anauliza, "Issa, somo yangu hajambo?" Nilikuwa naweka spika ya nje, kibanda kizima kinamjibu hajambo, hadi Kijani wa ng'ambo.

Siku ile somo yake alikataa kuwaka tangu asubuhi. Adhuhuri Mbaraka akaja na watu wake na mkeka wao. Nilikuwa nimekaa katikati, wamenitupia kanga kichwani, kikombe mkononi, simu yako ikaingia. Uliposema lile neno nililirudia kwa sauti, kwa sababu lilikuwa halijaniingia.

"Mama amefariki?"

"Tunajua," Mbaraka akadakia, "ndiyo maana tumekuja."

Hapo ndipo walipocheka, dada. Walidhani nasema habari za mashine.

Sikuwasahihisha. Wewe ulishakata, ulikuwa umesema mnazika alasiri, na hakuna gari la kunifikisha Newala alasiri ile. Wakaniambia pole, nikaitikia nimeshapoa. Wakaniongezea kahawa, nikanywa. Mkeka upo, kahawa ipo, watu wapo, na mfiwa ni mimi kweli, ila hakuna anayejua. Nilikaa hivyo mpaka wakachoka wenyewe, wakarudi kwenye gemu. Sikulia. Hata sasa naandika sijalia, na jambo hilo linanitisha kuliko hasira yako.

Kesho yake Mbaraka akapita kuniuliza tanga tunalianua lini. Nikamwambia mama amezikwa jana alasiri, Newala. Akaanza kucheka, lakini lile neno Newala likamfika, akaacha. Mashine haizikwi Newala. Alikaa pale kizingitini na kofia yake mkononi, na wateja wake wakawa wanamwita ng'ambo haitiki.

Tangu hapo utani umekufa. Walinisomea dua, walinipikia, wamenitendea wema wote. Sasa Kijani wakipita wananisalimia kwa adabu utadhani mimi ni imamu. Mashine ya Mbaraka ilizima juzi katikati ya mechi, na hakuna Buluu hata mmoja aliyefungua mdomo. Ukimya ule ulinichosha. Jioni nilivuka na kikombe changu cha kahawa, nikamwambia anitanie.

"Nitakutania vipi, Issa? Nimemcheka marehemu mama yako."

Nikamwambia hapana, alimcheka somo yake. Nikamweleza kwamba kwetu mtani ndiye anayeingia msibani akajifunga kanga ya marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, mpaka wafiwa wacheke watake wasitake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakohoa. Kikohozi kile kile, dada.

"Issa, somo yangu hajambo?"

"Hajambo, mama," nikaitikia, kabla sijajua kama nimeitikia.

Niliumia. Ni mara ya kwanza tangu simu yako. Machozi hayakuja, lakini kahawa niliyoshika ilinimwagikia mkononi, na nikasikia kwamba inaunguza.

Nitakuja arobaini. Mbaraka anataka kufuatana nami, naye hajawahi kuvuka Rufiji. Ameniagiza nikuombe ruhusa, maana atataka kanga ya mama, na atakohoa. Ukisema asije, nitakuja peke yangu. Somo yake mama bado hajawaka.

Msalimie shemeji, na wanao wote. Baba mkubwa mwambie dawa yake ya macho nimeipata, nitaileta mwenyewe. Yule mama jirani aliyemwosha mama mshike mkono kwa niaba yangu, uukawize kidogo kabla ya kuuachia.

Ijumaa, saa ile ya mama, nitakupigia. Nitaweka spika ya nje. Ukisikia watu wengi nyuma yangu usikate, ni Buluu na Kijani wanataka kukupa pole kwa pamoja. Nimeshawaambia kwamba wewe huhusiki na utani wetu. Si lazima uitikie kwamba umeshapoa.

Mdogo wako,
Issa