Kitufe cha Mkono wa Kulia

At-Bashy, Jumatatu, Machi

Kwa mdogo wangu Ryskeldi, kitinda mimba wa mama,

Salamu zikufikie huko Novosibirsk kutoka kwa kaka yako Jumakadyr, mtu ambaye bila yeye At-Bashy nzima isingejua intaneti ni kitu gani. Usicheke. Siku mafundi walipokuja kuvuta waya, ngazi ilishikwa na nani? Na mimi. Ningeiachia, fundi angeanguka, na hadi leo watu hapa wangekuwa wanapelekeana habari kwa punda. Mkuu wa wilaya akipita mbele ya nyumba yetu hupunguza mwendo wa gari. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya lile shimo la barabarani, lakini wenye wivu hawakosi.

U hali gani, ndugu yangu? Kifua kimepona? Hapo mnapolala kuna joto? Shemeji hajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama mzima, magoti yanamsumbua theluji ikikaribia, ila ulimi wake haujapata baridi yabisi hata siku moja. Mwanao Gulzada mzima, meno mawili ya mbele yameng'oka na moja limeanza kuchungulia, na kila mgeni anayeingia lazima afunuliwe mdomo alitazame. Ng'ombe mwekundu amezaa. Kile kipande cha mkate ulichokiuma siku ya kuondoka bado kinaning'inia kwenye msumari juu ya kompyuta, kigumu kama jiwe, kinakungoja urudi ukimalize. Mama hukipangusa vumbi kila Ijumaa.

Sasa nikupe habari. Mederbek, yule dereva wa lori la vitunguu, alifika Alhamisi. Alikunywa bakuli sita za chai, kisha akaitoa salamu yako mbele ya mama bila kuipunguza makali. Alisema ulimtuma hivi: "Mwambie kaka, kama amenifungia mlango, mimi sibishi hodi tena." Mama aliinuka, akaenda kukitazama kile kipande cha mkate, akarudi akakaa.

Ryskeldi, nakuomba usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Najua unachofikiri. Unakumbuka Jumapili ile ya Januari, ulipotuambia kwenye kompyuta kwamba hurudi majira haya ya joto, na kwamba kazi ya ujenzi itakushika miaka miwili mingine. Nilisema maneno. Nilisema, "Basi kaa hukohuko, uote mizizi kama kiazi," na nikaizima kompyuta huku Gulzada bado anakupungia mkono. Wewe baada ya hapo ulipiga, hukupata. Ukapiga tena, hukupata. Ningekuwa wewe, nami ningesema kaka kanifungia.

Lakini Jumapili iliyofuata, ndugu yangu, tulikuwa tumekaa pale pale tunapokaa siku zote. Mama kavaa kitambaa chake cheupe, Gulzada kasukwa nywele, mimi nimevaa kofia yangu ya sherehe, ile uliyoninunulia. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kukuomba radhi, ya kiume, yasiyo marefu. Saa sita ikafika, ikapita. Programu ya kupigiana simu ilikizungusha kile kiduara chake, ikakizungusha, halafu ikasema haina njia. Jumapili ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, Gulzada aliniuliza kama baba yake amehamia mahali pasipo na Jumapili.

Watu wakaanza kuuliza. Na mtu aliyeshika ngazi hawezi kuwaambia watu hajui. Jirani yetu Sadyrbai nilimwambia kwamba tai amejenga kiota juu ya nguzo ya waya kule mlimani Dolon, anayakata maneno yako kwa mdomo kabla hayajashuka huku. Nikamwambia nimepanda nguzo ile kwa miguu mitupu, nikapigana na tai yule kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na nikamwonyesha mikwaruzo mkononi. Sadyrbai aliamini, au alijifanya. Mama alikuwa anasikia kutoka jikoni, akasema kwa sauti, "Tai huyo namjua. Ana masharubu, na sasa hivi yuko hapa analamba maziwa kwenye kisahani."

Nilifanya yote ambayo mtaalamu hufanya. Niliizima kompyuta, nikaiwasha. Nilibadilisha waya. Nilinunua vifaa vipya vya masikioni. Niliisogeza meza mpaka dirisha la kaskazini ili ielekee ulipo wewe. Nikaipiga kofi ubavuni, kwa adabu. Na jambo lililonichanganya ni kwamba intaneti yenyewe ilikuwepo! Hali ya hewa ilifunguka, bei ya kondoo ilifunguka, harusi za watu nisiowajua wa Bishkek zilifunguka, wanacheza na kula. Wewe tu ndiye usiyefunguka.

Basi Alhamisi hiyo, Mederbek alipokwisha kwenda kulala kwao, mama alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Akaniambia nitoke hapo. Nikamwambia mama, hii si simu ya kuzungusha kidole, ni mambo ya kitaalamu. Akasema, "Toka, Jumakadyr, kabla sijakutandika kwa hicho kipanya chako."

Wewe ulizaliwa mama akikaribia kuondoka posta, kwa hiyo hukumbuka vizuri. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye ubao wa simu, anachomeka na kuchomoa, anawaunganisha watu wa At-Bashy na dunia. Sisi tumemfanya mtu wa kukanda unga. Mimi mwenyewe tangu kompyuta ije nilimkataza asiiguse, nikimwambia itamrusha umeme.

Aliifunga miwani yake kwa uzi, akakaa, akaniuliza maswali kama hakimu. Hali ya hewa inafunguka? Inafunguka. Harusi zinafunguka? Zinafunguka. Akasema, "Laini ikikatika, mwanangu, inakatika kwa wote. Ikikatika kwa mtu mmoja, basi hapa ndani kuna aliyechomoa waya wake. Ubaoni hapa anakaa nani?"

Nikamwambia hakuna mtu, labda yule mlinzi. Unamkumbuka yule mlinzi, ile programu ya ulinzi uliyotaka iwekwe ili wezi wasiingie kwenye kompyuta, ambayo kila kitu kikitaka kutoka au kuingia inakisimamisha mlangoni na kukuuliza. Mama akasema tumwite huyo mlinzi atoe daftari lake. Akakitafuta kile kialama chake kidogo kando ya saa, akakibonyeza, na kweli ikafunguka orodha ndefu ya kila programu iliyomo. Penye njia pana alama ya kijani. Mama akateremka nayo kwa kidole, anasoma Kirusi chake bila kukwama, kama anayesoma majina ya wajukuu. Kijani, kijani, kijani. Halafu nyekundu moja. Ilikuwa ile programu ya kupigiana. Kando yake imeandikwa, mama akasoma: imezuiwa daima, kwa amri ya mwenye kompyuta.

Akageuka akaniangalia juu ya miwani. Akauliza amri hiyo ilitolewa na nani. Nikasema huenda ni paka, hupita juu ya meza. Akasema, "Yule tai?"

Hakunifukuza, wala hakumfukuza mlinzi. Alisema mlinzi hana kosa, ameshika alichoambiwa. Anayestahili kufukuzwa ni aliyemwambia. Akaibadilisha ile nyekundu kuwa kijani, akaizima kompyuta na kuiwasha mara moja tu. Kiduara kikazunguka kidogo, kikasimama. Orodha ya watu ikatokea, na jina lako likawa pale, ila taa yake imezimika. Tumekupigia Ijumaa, Jumamosi, na jana Jumapili kutwa nzima. Inaita, Ryskeldi. Sasa inaita vizuri sana, sauti yake imejaa nyumba, ila wewe ndiye umekwisha kuondoka mlangoni. Namba yako ya simu ya mkononi nayo inasema haipo tena. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo pagumu kwangu. Si paka. Ni mimi.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili ile iliyofuata baada ya ugomvi wetu, kabla ya saa ya kupiga. Programu ilikuwa imejibadilisha yenyewe, imejifanya mpya, na mlinzi hakuitambua. Akatoa kile kidirisha chake na kuuliza, airuhusu au aizuie, na chini yake kikauliza kama jibu langu likumbukwe siku zote. Mimi sikujua kinauliza nini. Niliona vitufe viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia. Na wewe unajua tulivyolelewa. Kizingiti tunakivuka kwa mguu wa kulia, mkate tunaumega kwa mkono wa kulia, bakuli tunampa mgeni kwa kulia. Nilikuwa nakungoja wewe, nataka siku hiyo iwe ya heri. Basi nikasema Bismillahi, nikabonyeza cha kulia, na nikatia alama ikumbukwe daima.

Cha kulia kilikuwa cha kuzuia.

Wiki saba umebisha hodi, na kaka yako kakufungia kwa mkono wa heri. Lile neno la kiazi nililisema kwa hasira, hilo nalikubali na ninakuomba unisamehe. Lakini mlango, wallahi, sikuufunga kwa makusudi. Kaa miaka miwili, kaa mitatu kama kazi inadai. Ila siku za Jumapili uwepo. Nyumba hii bila sauti yako saa sita mchana ni kubwa mno, na mimi sikujua kama naisubiri kuliko mtoto. Jumapili baada ya kuipata barua hii, washa. Ukiona kimya usiamini, piga tena. Sasa ubaoni anakaa mama.

Gulzada anakusalimu, anasema atakuonyesha pengo lake kabla halijajaa. Sadyrbai anakusalimu, na anauliza habari za tai. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Msalimie shemeji, na wote wa kwetu mnaolala chumba kimoja.

Barua hii Mederbek ataitia posta akishavuka mpaka, na anwani ya hosteli yako mpya tumeinakili kutoka kwenye karatasi yake ya mizigo. Utaitazama bahasha, utaona Kirusi kilichonyooka, herufi zimejipanga kama askari, na utasema kaka kweli alikuwa mkalimani wa jenerali kule jeshini. Maana ndivyo nilivyokuambia tangu ukiwa mdogo, na siku ile ulipokuja kuniomba nikufundishe lugha hiyo kabla hujaondoka, nilikuambia Kirusi hakifundishwi, hudakwa. Ukaenda bila hata neno moja.

Mwandiko wa bahasha ni wa mama. Jeshini nilikuwa namenya viazi. Herufi zao nazisoma kwa kuwa ni kama zetu, lakini maneno, mdogo wangu, sijapata kuyaelewa hata siku moja.

Ni mimi kaka yako,
Jumakadyr, aliyeshika ngazi