Mkanda Uliokuwa Ukilia

Shelui,
4 Juni 2024

Kwako kaka Luqmani,

Shikamoo. Leo nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo mama ameniambia niyaache, kwa sababu ukijua nusu utakisia nusu nyingine.

Sisi hatujambo, kifua cha mama kimepona. Shule imefungwa na Fizikia nimepata B. Wewe hujambo huko Rungwa? Kambi ya wageni wa mbugani imempa fundi wake pa kulala pazuri? Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa Miraji wa lori barua hii, naye Itigi ataikabidhi kwa basi la kwenu.

Sasa gari. Tangu uondoke halijapona. Asubuhi linawaka vizuri, likienda Misigiri na kurudi betri inakuwa imekufa, tunalisukuma. Betri ni mpya. Fundi Melkiori akiichaji kwake inajaa, tukiirudisha garini inaisha. Amesema alteneta uliyofunga wewe mwezi wa Ramadhani ni mbovu, haiichaji betri, na akitoka Singida mjini ataleta nyingine. Baba amekubali. Anawaambia wateja wa mafuta yetu ya alizeti pale kwenye benchi, "Mwanangu alinifungia jiwe." Wanacheka. Mama hacheki.

Kaka, najua alichokuambia baba mbele za watu siku gari lilipozima mlimani Sekenke na mzigo. Nilikuwa mlangoni. Lakini alteneta yako ikitolewa na kutupwa, maneno yale yatakuwa kweli milele, nawe hutarudi nyumbani. Mimi sitaki hivyo. Niambie nipime nini. Mwalimu Evodia wa Fizikia ameniazima mita ya umeme, na kuitumia najua.

Mdogo wako,
Rukaya

*

Rungwa,
9 Juni 2024

Rukaya,

Marahaba. Mimi mzima. Hongera kwa B, ila ingekuwa A.

Gari la baba silitaki. Aliniambia mimi si fundi, basi atafute fundi. Usinitumie tena habari zake.

Lakini kwa kuwa mita unayo mkononi na utaichokonoa tu hata nikikukataza: weka kwenye volti za betri. Injini ikiwa imezimwa, pima vichwa vya betri, andika. Washa gari, pima tena. Inatakiwa ipande mpaka kama kumi na nne. Kisha washa taa kubwa, pima mara ya tatu. Isipopanda, chaji haifiki. Hiyo haina maana kuwa alteneta imekufa. Melkiori anajua hivyo, ila kufunga mpya ni rahisi kuliko kutafuta.

Ushungi ufunge nyuma na mikono ya gauni ikunje. Feni ya injini haina adabu.

Msalimie mama. Mwambie asali nitatuma.

Kaka yako,
Luqmani

*

Shelui,
12 Juni 2024

Kwako kaka,

Shikamoo. U mzima? Sisi wazima, mama anaisubiri asali.

Nimepima, ushungi nimeufunga kama Bibi alivyokuwa akienda shamba. Injini ikiwa imezimwa: 12.4. Gari limewaka: 12.3. Taa kubwa zikiwaka: 11.8, na ilikuwa inaendelea kushuka nikiitazama. Nimerudia mara tatu kama Mwalimu Evodia anavyotaka. Kwa hiyo ni kweli chaji haifiki, na moyo wangu ulishuka pamoja na ile mita.

Vichwa vya betri ni safi, nimevikaza. Ile taa nyekundu ya chaji pale mbele ya dereva haizimiki kabisa, inafifia tu kama mtu anayesinzia.

Nikakumbuka mwalimu hutuambia tuandike na yale tusiyoyaelewa. Ninayo mawili. La kwanza, siku chache baada ya wewe kufunga alteneta na mkanda mpya wa kuizungusha, gari lilikuwa linapiga kelele kila asubuhi, kiiii, mpaka kuku wanatawanyika. Sasa liko kimya kabisa. Baba anasema hilo alilitibu mwenyewe. La pili, likitembea kidogo linanukia kama jikoni. Mama anasema, "Haya, gari limeanza kukaanga maandazi." Mimi nilidhani ni kwa sababu ya madumu ya mafuta tunayobeba. Lakini leo lilikuwa tupu, na bado lilinukia.

Melkiori atafika baada ya Idi. Tafadhali jibu upesi.

Mdogo wako,
Rukaya

*

Rungwa,
15 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa chini ya gari la wageni, nikacheka mpaka nikagonga kichwa.

Mkanda mpya ukishakaa siku kadhaa unalegea kidogo, ukilegea unalia. Ndiyo kawaida yake. Unatakiwa ukazwe tena baada ya wiki. Wiki ile nilikuwa nimeshaondoka kwa yale maneno ya baba. Sasa niambie: mkanda uliolegea, bila kukazwa, unanyamazaje? Nani alimtibu mgonjwa, na kwa dawa gani? Nyumbani kwetu kila kinacholia kinapewa nini?

Fanya hivi. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako. Chukua kitambaa cheupe, futa upande wa ndani wa mkanda. Nusa. Ukinusa ulichozoea kunusa tangu ulipozaliwa, basi alteneta yangu ni nzima. Mkanda unateleza tu, hauizungushi ipasavyo. Huo mkanda hausafishiki, utupwe. Magurudumu madogo ya injini unayopitia mkanda yafutwe kwa sabuni mpaka yakauke, ndipo ufungwe mwingine. Ukibonyeza katikati kwa kidole gumba, ubonyee kidogo tu.

Na jambo moja, Rukaya. Usimwambie baba mbele ya watu. Hata mmoja. Mimi nilishaambiwa mbele ya watu, najua ladha yake.

Idi njema. Mle na fungu langu.

Kaka yako,
Luqmani

*

Shelui,
24 Juni 2024

Kwako kaka Luqmani,

Shikamoo. Natumaini kichwa kimepona. Sisi wazima na Idi ilipita salama. Mama alikupakulia sahani, akaifunika, na hakuna aliyethubutu kuigusa mpaka kesho yake, baba alipoila mwenyewe.

Sasa tulia nikueleze yote.

Nilingoja mpaka wateja waondoke na baba arudi kutoka kuswali alasiri. Nikamwomba anishikie boneti. Nikafuta mkanda kwa kitambaa, kikatoka cheusi chenye kung'aa. Nikampa baba. Akakinusa. Akakinusa tena, akasugua kwa vidole kama anavyopima mafuta ya watu wengine, akasema, "Haya mafuta ni ya kwetu."

"Ndiyo, baba."

"Ya mkamuo wa kwanza kabisa."

"Ndiyo, baba."

Akasema, "Mkanda ulikuwa unalia. Nikautia kidogo kila asubuhi. Ukanyamaza." Nilimwonea huruma, kaka. Unajua mashine yetu, kila kinacholia anakipa mafuta na kinanyamaza, miaka yote hiyo. Nikamuuliza kwa adabu, "Baba, na ule mkanda mkubwa wa kukamulia, nao unautia mafuta?"

Akang'aka. "Mkanda? Nani autie? Si utateleza, mashine isimame!" Kisha akautazama ule mkanda wa gari. Akakaa kwenye dumu lililopinduliwa. Nilifikiri atanipiga. Aliomba maji ya kunywa tu.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kununua mkanda mwingine, hakumtuma mtu. Magurudumu nimeyasugua mimi kwa sabuni ya unga na mswaki wa zamani, mkanda tumeufunga pamoja, yeye akivuta alteneta kwa nondo na mimi nikikaza nati. Aliuliza, "Hapo?" Nikabonyeza kwa kidole, nikasema hapo. Gari likawaka. Nikampa baba mita aishike mwenyewe. Injini ikinguruma, taa kubwa zikiwaka: 14.1. Ile taa nyekundu ilizima kabisa. Mama akatoka jikoni akauliza, "Maandazi yameungua?"

Lakini hilo silo kubwa. Kubwa ni la jana. Melkiori alifika na alteneta yake imefungwa kwenye gazeti, benchi limejaa, kina mzee Fredrick wote wapo. Akamwambia baba, "Haya Hussein, tulitoe lile jiwe." Nilikuwa ndani nachuja mafuta. Baba akasimama, akasema kwa sauti ile ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara:

"Rudi nayo. Alteneta ya mwanangu ni nzima. Aliyeharibu gari ni mimi, kwa mafuta yangu mwenyewe."

Mzee Fredrick akamtania, "Kwa hiyo lilikuwa linataka chumvi tu liliwe?" Benchi zima likacheka, na baba akacheka nao, kaka, hadi akafuta macho. Lile kopo dogo alilokuwa anautilia mkanda mafuta amempa mama, akasema, "Kaangia."

Usiku baba hakuzungumza juu yako. Ila leo asubuhi, kabla ya kwenda Misigiri, alisimama mbele ya boneti muda mrefu, akasikiliza. Kuna mlio mdogo sana umeanza. Nikamwambia ni kawaida, mkanda mpya unalegea, unatakiwa ukazwe tena. Nikasema naweza. Akanitazama, akasema, "Najua unaweza. Lakini usiuguse. Aliyefunga alteneta ndiye ataukaza." Halafu akaondoka, taa zote zikiwaka mchana kweupe.

Miraji anapakia, anarudi huku kutoka Itigi wiki ijayo na kiti cha mbele kipo wazi. Nimwambie baba unakuja lini?

Mdogo wako,
Rukaya