Mama Yuko Eda, Apu Yataka Kidole Chake

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, nguo nilizofua zimeanikwa ndani na hazikauki. Nimerudi kutoka dukani Biashara Street bila hamu ya kula wala ya kusema na mtu.

Tangu Baba afariki mwezi uliopita, nyumba yetu haifukizwi udi. Mama yuko eda. Hatoki, hajitii wanja, haonani na wanaume wasio maharimu wake, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba shughuli za karatasi siku hizi zamalizwa kwa apu ya simu, nilifurahi mno. Mama angekaa kwake na heshima yake, nami ningefanya kila kitu nimeegemea mto.

Nilianza na taarifa ya kifo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha ya apu. Nikapiga picha cheti, nikabonyeza, nikashukuriwa. Chai niliyoteleka ilikuwa haijachemka. Nikaona niifunge na laini ya simu ya Baba, kazi iishe. Kesho yake nikajisifu dukani kwa wenzangu.

Kumbe nilianza na mwisho.

Bima ya matibabu ilikuwa kwa jina la Baba, na Mama alikuwa chini yake. Baba alipoandikwa marehemu, kadi ya Mama nayo ikazimwa. Sasa nataka kumwandikisha Mama peke yake, na kila nikijaribu, apu hutuma nambari ya siri kwenye simu iliyosajiliwa. Simu hiyo ni ya Baba. Laini nimeifunga mimi, kwa mkono wangu.

Leo mchana nimepiga simu ofisi ya bima. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, sina la kumlaumu. "Pole sana dada, lakini kubadilisha nambari ni lazima mama aje mwenyewe aweke kidole." Nikamuuliza kama yuko mtu wa kuja nyumbani, hata mwanamke. Akasema huduma hiyo hawana.

Mama ana maradhi ya moyo. Dawa zake hutolewa kliniki kwa kadi hiyo, na za kununua mshahara wangu hauzifikii.

Nikapita kwa shehe wa msikiti wetu. Akaniambia dharura ni dharura, na atoke mchana, amalize haja yake, arudi. Nilikuja nyumbani karibu nikimbie.

"Najua yaruhusiwa, mwanangu," Mama akasema. "Mimi ndiye nisiyetaka. Babako hakunisimamisha foleni hata siku moja. Leo mchanga wake haujakauka, ndiyo nende nikasimame dirishani na watu?"

Nilimsihi. Nikamwambia Baba mwenyewe angemshika mkono akampeleka. Akanitazama, akasema, "Angenipeleka yeye, ningekwenda."

Nimemkasirikia. Naandika hivyo hivyo, maana hapa hanisomi mtu anijuaye. Nimemkasirikia Baba pia, kwa kufanya mambo yetu yote peke yake miaka yote hiyo bila kutuonyesha. Kisha nimejikasirikia mimi, na hasira hiyo ndiyo haijashuka mpaka sasa.

Baada ya magharibi nimempelekea maji ya kunywea dawa. Nimemkuta amekaa kitandani na kisu cha matunda, anakata kidonge. Nusu akaitia mdomoni, nusu akairudisha chupani, tena bila haraka, kama jambo alilolizoea.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nazivuta zifike mpaka eda iishe."

"Daktari amesema kizima, Mama."

"Daktari hajafiwa."

Nikampa maji. Akanywa, akanirudishia gilasi, akaniombea dua kama kila siku.

Nimekaa chumbani na simu mkononi, na sijui hata nibonyeze wapi. Kipi kitatangulia kuisha, eda au Mama?