Wifi, matumbawe na brashi yangu

Shosti, uko? Usinipigie. Wifi yangu analia sebuleni, mimi nimejifungia chooni.

Lile tangi lake la samaki wa maji ya chumvi unalijua. Kabla hajalinunua alihangaika mwezi mzima: afuge samaki peke yao au aweke na matumbawe? Akachagua matumbawe. Wiki iliyopita akasafiri, akaniachia mimi. "Matumbawe yangu, wifi, uyatazame."

Sikio langu likakamata "mawe" tu!

Nikaona mawe yameota uchafu wa zambarau. Nikayatoa, nikayasugua kwa brashi na sabuni ya vyombo, nikayasuuza, yakawa meupe pee. Nikajipongeza kabisa.

Kumbe ule uchafu ndio matumbawe yenyewe. Ni viumbe, shosti. VIUMBE! Miaka miwili anavilea.

Sasa sikia kilichonimaliza. Amerudi leo, akasimama mbele ya kioo, hakuniuliza chochote. Akasema, "Kosa langu. Niliambiwa yanataka mtu mwenye uzoefu, nikajifanya mjuaji." Halafu akanishukuru kwa kuwalisha samaki. AKANISHUKURU!

Nikafungua mdomo niseme ukweli, nikajikuta namuuliza kama safari ilikuwa nzuri.

Akaniuliza, "Unaonaje, nianze upya au nibaki na samaki tu?"

Unajua nilimjibu nini? "Baki na samaki tu, wifi. Matumbawe yana kazi."

Brashi ninayo hapa, nimeificha nyuma ya ndoo. Bado ina zambarau.

Ngoja, anagonga mlango. Ananiuliza mimi kama niko sawa.