Shangazi mlangoni mwa mgahawa wetu wa kuku

Shoga yangu, uso wangu nauficha wapi!

Leo jioni bosi mkuu alikuwa anakuja kuona kama tuna wateja. Akikuta viti vitupu, tawi letu linafungwa kama yale mengine, na mimi kazi sina.

Shangazi akasema, "Niachie mimi." Akajaza ndugu kila kiti, watu watatu kwa soda moja.

Akaja mzee na mkoba wake. Shangazi akamsukuma nje. Akamsukuma, shoga! "Baba, kumejaa, katafute tawi lingine!"

Kumbe ndiye bosi.

Nikajificha nyuma ya jokofu.

Meneja kaniita sasa hivi. Tawi halifungwi! Ila bosi anamtaka yule mama mkali awe msimamizi wa zamu ya jioni.

Zamu yangu, shoga. Zamu yangu!